Mtoto akisema "bado", asikilizwe

Nilipata kipaimara nikiwa na miaka 14, mwezi wa Desemba, katika usharika mmoja wa Kilutheri huku Mufindi. Mchungaji alituuliza kama tutadumu katika imani hii, nasi tukajibu kwa pamoja: "Ndiyo, kwa msaada wa Mungu." Wenzangu sijui. Mimi nilikuwa nasema uongo, tena madhabahuni, nimevaa gauni jeupe.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilimwambia mama naomba ningoje mwaka mmoja. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka anapima pindo la gauni, pini tatu mdomoni. Hakuinua uso. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kanga yake, ndipo akasema: "Baba zako wadogo wameshachanga. Mbuzi ameshalipiwa. Sasa watu waseme nini, mwanangu?" Nikanyamaza. Akazirudisha pini mdomoni, akaendelea kupima.

Simlaumu mama. Kwetu mtoto akipitwa na kipaimara, anayesemwa ni mama yake. Watu wataanza kuulizana binti ana nini, amepata mimba au amekuwaje, na atakuja kufunga ndoa kanisa gani. Alikuwa ananikinga na midomo ya watu.

Lakini nilikuwa na sababu. Mafundisho yalichukua miaka miwili, kila Jumamosi asubuhi. Mwezi wa saba Mufindi ukungu haupandi mpaka saa nne. Tulikuwa tunafika vidole vimekufa ganzi, tunabanana kwenye benchi kupata joto, tunakariri Katekisimu Ndogo, kile kitabu cha Martin Luther cha maswali na majibu ya imani. Mwalimu anasoma kipengele, kisha anauliza: "Maana yake ni nini?" Nasi tunamwaga jibu bila kukosea neno. Siku moja tulikuwa kwenye sehemu inayoitwa Imani, pale panaposema Mungu ameniumba, amenipa macho, masikio na viungo vyote. Mdogo wangu alizaliwa haoni. Nikanyoosha mkono, nikauliza: na yeye, je? Mwalimu aliniambia nina kiburi. Nilisimama nje kwenye ule ukungu mpaka kipindi kikaisha, na tangu siku hiyo sikuuliza tena. Mpaka leo naamini kama angeniambia tu, "Hilo swali ni gumu, binti yangu, hata mimi linanisumbua," ningeingia kanisani Desemba ile na moyo mzima.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikasoma dibaji ya Katekisimu hiyo, ambayo Luther aliiandika mwaka 1529. Ni kweli humo ni mkali sana kwa wanaokataa kujifunza. Lakini anasema wazi kwamba asilazimishwe mtu kuamini, wala kupokea Sakramenti. Niliyasoma maneno hayo mara tatu. Ina maana kitabu kilichonifanya nisimame nje kwenye baridi kilikuwa upande wangu!

Wamisionari wa Berlin walifika nyanda hizi za juu kusini mwaka 1891, na mababu zetu wa kwanza kubatizwa wengi wao walikuwa watu wazima walioamua wenyewe. Sisi tulibatizwa wachanga, wasimamizi wakatujibia. Kipaimara ndiyo siku ya mtoto kujijibia. Sasa kama jibu limeshapangwa, mbuzi ameshachinjwa na maturubai yamefungwa, huyo mtoto amejibia nini? Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Sioni kwa nini haki hiyo iishie kwenye mlango wa kanisa.

Sisemi tuache kuwapeleka watoto mafundisho. Wa kwangu wanakwenda, na nyumbani tunasali kila jioni. Ninachoomba wachungaji, wazee wa kanisa na sisi wazazi ni kwamba kabla ya kupanga michango, mtoto aitwe peke yake, aulizwe kama yuko tayari, na akisema bado, asisimamishwe mbele ya watu wala asitishiwe kukosa ndoa na mazishi. Mwakani yupo.

Binti yangu mkubwa yuko mwaka wa pili wa mafundisho. Wiki iliyopita tulikuwa tunamenya viazi akaniuliza: "Mama, nikisema bado, utakasirika?" Nilimwambia hapana. Shangazi zake wameshaanza kunipigia simu kuuliza rangi ya sare. Nimewaambia wangoje, kwa sababu hata kitambaa cha gauni sijanunua, na sitanunua mpaka aniambie mwenyewe.