Bidoni Ilikuwa Tupu

Filamu ilikuwa imekwenda dakika tatu hivi, shuka jeupe likipepea kidogo ukutani, pale mama mwenye uwanja alipocheka. Alicheka kama mtu aliyemkuta mtoto na kipande cha nyama mfukoni. "Ile bidoni haina maji," akasema. "Muangalie shingo ya yule mtoto."

Tukaangalia shingo. Binti wa miaka kama kumi na miwili alikuwa anapanda ngazi za udongo za Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, bidoni, yaani dumu, ya njano ya lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso, jinsi mama zetu wanavyobeba. Alipanda vizuri, na kosa lilikuwa hapo. Lita 20 ni kilo 20, na kilo 20 zina adabu zake. Shingo inakaza, kidevu kinashuka, vidole vinapanda kushika kamba karibu na masikio ili kichwa kipumzike kidogo, na mguu mmoja hauinuki mpaka mwingine uwe umekwisha kupata pa kukanyaga. Binti yetu katikati ya mlima aligeuza kichwa kumtazama mbuzi.

Wanafunzi watano walioitengeneza walitazama chini. Walikuwa wamejiandaa kuulizwa kuhusu mwanga, kuhusu ujumbe, kuhusu mpangilio wa picha. Hakuna aliyejiandaa kuulizwa kuhusu uzito.

Mimi nilialikwa kwa sababu kamera ni yangu. Ninapiga harusi Jumamosi, mazishi siku yoyote, na katikati ya wiki ninapiga semina za mashirika: meza yenye chupa za maji, banderoli ukutani, mgeni wa heshima akisoma hotuba aliyoandikiwa. Walipomaliza kuhariri wakaniomba niseme ninavyoiona, kwanza kwa mdomo pale uwanjani, kisha kwa maandishi. Nimechukua wiki mbili. Filamu ina dakika 13 na haina jina bado. Wawili wanataka jina la Kifaransa, wawili wanataka neno moja tu, na wa tano, anayeshika kamera, anasema filamu nzuri haihitaji jina. Huo ni uongo, lakini na mimi niliusema nilipokuwa na umri wake.

Kisa ni kifupi. Mama mgonjwa amelala, maji ya bomba yamekatika siku kadhaa, binti anatumwa usiku kwenda kuyatafuta. Basi. Kwenye tuzo za Oscar filamu fupi inaruhusiwa kufika dakika 40, na wanafunzi wengi husikia namba hiyo wakaanza kujaza: mjomba mlevi, ndoto, mchumba. Hawa hawakujaza. Kwa hilo peke yake nawapa mkono.

Sasa nifike kwenye foleni, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Kila mtu wa Bukavu anaijua. Watu hawapangi foleni, bidoni ndizo zinazopanga. Unaiacha yako jioni, umeifunga kitambaa chekundu au umeichora herufi kwa msumari wa moto, unakwenda kulala. Maji yakija saa nane za usiku mtu anapiga kelele na kila mmoja anatoka na kandambili zake. Wamepiga foleni hiyo kwa picha moja isiyokatwa, dakika 1 na sekunde 10. Kamera iko chini, urefu wa bidoni. Binti anafika, tunaona miguu yake kwanza, kisha anachuchumaa, anatafuta yake. Imesogezwa nyuma. Mbele yake zimeingia bidoni mbili zisizokuwepo jioni. Moja ni ya kijana aliyesimama pembeni akijifanya anasoma simu. Ya pili imezibwa kwa gunzi la mahindi, na mwenyewe ni bibi aliyekaa juu ya jiwe.

Binti anamtazama kijana. Anamtazama bibi. Kisha anaichukua bidoni ya kijana, anaiweka nyuma ya yake, na ya bibi anaiacha palepale ilipo. Anasogea nafasi moja, wakati alikuwa ameibiwa mbili.

Hakuna neno linalosemwa. Uwanja mzima ulinyamaza, na watu wa Kadutu hawanyamazi ovyo.

Nilimuuliza aliyeandika kisa wazo hilo amelitoa wapi. "Yaya, mimi nilikuwa nimeandika azisogeze zote mbili," akasema ("yaya" kwetu ni kaka mkubwa). "Mtoto ndiye aliyekataa. Alisema yule bibi ni jirani yao." Sifa ya mtoto ni hiyo, lakini kuna sifa nyingine ya watu watano waliokuwa na saa moja tu ya mwanga, wakabishiwa na mtoto wa miaka kumi na miwili, wakamsikiliza. Mimi ningemwambia afanye kama ilivyoandikwa, nikapige picha nirudi nyumbani.

Kuhusu mwanga: usiku wao ni wa kutengeneza. Wazazi wa binti hawakumruhusu kutoka usiku, na nani anatembea na kamera ya watu saa nane za usiku? Wakapiga alfajiri, kuanzia saa kumi na moja mpaka jua lilipowafukuza, kisha wakatia giza na rangi ya bluu kwenye kompyuta. Ni mbinu ya zamani sana na picha mbili za kwanza zinadanganya vizuri. Ya tatu ina kivuli kirefu na bati linalometa. Mwezi wa Kadutu haujawahi kumetesha bati namna ile.

Sauti ndiyo iliyonishangaza, maana kwa kawaida ndipo sisi sote hufa. Hawakuwa na kinasa. Walichukua simu, wakaifunga kwenye fundo la kitenge cha mama mgonjwa, kifuani, wakaiacha inarekodi. Ndiyo maana mama anapolala tunasikia pumzi yake karibu kuliko tunavyomwona, na kitambaa kikisugua kila anapogeuka. Halafu wakaharibu kazi yao wenyewe kwa kumwagia kinanda cha huzuni walichookota kwenye intaneti. Kinanda kile nakijua, nimekiweka kwenye video mbili za semina. Kitolewe.

Tuje kwenye mdomo. Mama huyu, kwenye kisa, anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Nyumba ni ya mbao na bati, beseni la sambaza liko mlangoni, inzi wanaonekana. Anafungua mdomo, anatoa Kifaransa kilichopigwa pasi, "ne" na "pas" za kukanusha zote mahali pake, kitu ambacho hata mimi mbele ya wakubwa huwa sifanyi. Na binti anamjibu vilevile, kama mtangazaji wa habari. Uwanjani watu walianza kuongea wao kwa wao. Walikuwa hawajachoka, walikuwa wameona kwamba hawaongeleshwi wao.

Niliwauliza kwa nini. Wakasema tamasha. Wakanikumbusha kwamba Mwezé Ngangura, mtengeneza filamu, alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1950, na mwaka 1999 akachukua tuzo kubwa ya FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, kwa hiyo mtu wa hapa anaweza. Anaweza, nani kakataa? Lakini matamasha yanaishi kwa maandishi ya tafsiri chini ya picha. Filamu za Kijapani na za Kiirani zinazunguka dunia nzima hivyo, na Wajapani hawajajifunza Kifaransa kwa ajili hiyo.

Tulijaribu siku moja kuirudia sauti kwa Kiswahili, na hapo nikakosea mimi. Niliwaandikia maneno kwa Kiswahili cha shule: "Mwanangu, je, maji bado hayajapatikana?" Likawa tangazo la redio. Mwigizaji, ambaye ni shangazi wa mmoja wao, alirudia mara nne, akachoka, akamgeukia binti na kusema kwa sauti ya kawaida: "Weye unakawiya. Maji iko wapi?" Tulikuwa tunarekodi. Naandika makala hii kwa Kiswahili sanifu kwa sababu kinasomwa na wengi. Nikiongea hivi nyumbani mke wangu ataniuliza kama nina malaria. Filamu iongee kama shangazi.

Yote haya ni madogo na yanarekebishika. Kinachonisumbua ni mwisho.

Binti amerudi, amemnywesha mama, amekaa mlangoni anakamua maji kwenye nguo yake. Picha nzuri, tulivu. Ghafla giza, kinanda kinapanda, na maandishi meupe: MAJI NI UHAI. TUMLINDE MTOTO WA KIKE. Chini ya maandishi pameachwa nafasi nyeupe, ya mstatili. Nikauliza ni ya nini. Ni ya nembo ya mfadhili. Mfadhili gani? "Hatujampata bado, yaya."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilitambua herufi. Ni zangu. Nilipowaazima kamera niliwapa pia kadi yenye mafaili yangu ya kuanzia kazi, ili wasihangaike, na ndani mlikuwa na ule ukurasa wa mwisho ninaoutumia kwenye video za uhamasishaji: kiza, herufi nyeupe, mstatili wa nembo. Walifikiri ndivyo filamu inavyomalizika. Watoe wapi wazo jingine? Tangu wazaliwe, kamera kubwa ikifika kwenye mtaa wao imefika na gari lenye antena, na kilichopigwa kimemalizika kwa sentensi inayoamrisha kitu.

Na sisi wakubwa hatukuianza tabia hii. Wakati wa Wabelgiji, mapadre walikuwa na vituo vyao vya kutengeneza filamu za kuwafundisha wenyeji, na kimojawapo kilikuwa hapa hapa Bukavu. Mtazamaji Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu ambaye asipoambiwa mwishoni ameona nini, atakuwa hajaona. Ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, mwaka 1895 kule Lyon, Ufaransa, walipiga wafanyakazi wakitoka getini kwenye kiwanda, chini ya dakika moja, mbwa akipita miguuni mwao, na hawakuandika mwishoni kwamba kazi ni msingi wa maendeleo. Sijui nani aliamua kwamba watu wa Lyon wanaweza kumtazama mbwa na sisi tunahitaji maelezo.

Mtaniambia sentensi ile ni ya kweli. Ni ya kweli. Maji ni uhai, na ziwa lote lile la Kivu liko chini yetu. Lakini ona inachomfanyia binti. Dakika chache kabla alikuwa hakimu. Alisimama usiku mbele ya watu wazima wawili, mmoja mwizi na mmoja mzee, wote wamemdhulumu sawasawa, akatoa hukumu ambayo mimi na umri wangu nisingeifikia haraka hivyo. Maandishi yanapotokea anapoteza hata hilo, anabaki "mtoto wa kike", wa kulindwa, wa kuwekewa nembo. Yeye ndiye aliyekuwa anatulinda sisi muda wote ule.

Kuna picha moja inayoweza kubeba kazi ambayo maandishi yanajaribu kuifanya, na tayari wanayo. Mtu aliwaazima droni kwa nusu saa, wakapiga mji kutoka juu: zile rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, maji bluu kila upande mpaka macho yanaishia. Wameiweka mwanzoni kabisa, kama kadi ya posta ya kuwatumia ndugu walioko Ulaya. Mimi ningeihamishia baada ya bomba. Binti anafungua bomba, bomba linakohoa hewa, linatoa matone mawili yenye kutu, linanyamaza. Kata. Ziwa. Sekunde tano, bila kinanda. Mtu wa Kadutu ataguna mwenyewe.

Niliwaambia haya yote, si kwa mpangilio huu, na kwa sauti ya juu kuliko ilivyotakiwa. Mmoja aliandika kwenye daftari. Mmoja alikasirika na kuniuliza kama nitaendelea kutumia ule ukurasa kwenye kazi zangu. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ada ya shule ya watoto wangu inatoka humo. Akaniangalia kama binti alivyomwangalia yule kijana wa simu.

Juzi Jumapili wamenipigia. Wamerudia picha ya mlima, bidoni ikiwa na maji. Zilipokuwa lita 20 mtoto hakuweza, wakapunguza mpaka kumi, na mama mwenye uwanja alikuja kusimama pembeni kuhakikisha hawadanganyi tena. Binti amesimama mara mbili njiani. Mara ya pili ameegemea ukuta wa watu, akafumba macho, na kamera imemsubiri. Picha imekuwa ndefu kwa sekunde 40 na wanabishana kama waikate. Nimewaambia wasiiguse. Kinanda kimetoka. Shangazi anaongea. Maandishi ya mwisho bado yapo, ila yamebaki maneno matatu, na mstatili wa nembo wameuziba kwa kiza.