Nishani kwa fundi wa Matondoni: heshima au kilemba cha ukoka?

Kila Desemba 12, Siku ya Jamhuri, inapokaribia, gumzo la baraza za Mkunguni, mjini Lamu, huwa lile lile. Orodha ya nishani za taifa itatoka, na majina mengi yatakuwa ya wenye vyeo Nairobi. Je, fundi aliyeunda majahazi Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, tangu ujanani mwake atakuwamo? Mshairi ambaye tungo zake zinasomwa harusini na kwenye Maulidi? Wapo wanaosema Lamu ipeleke majina kwa wingi, kwani asiyeandikiwa hatajwi. Wapo wanaosema wazee wetu waachwe na heshima yao ya hapa. Pande zote mbili zina hoja, ila nyingi hutolewa na watu ambao hawajawahi kuitazama ngazi yenyewe ilivyopangwa.

Basi tuanze na ngazi. Katiba ya 2010, ibara ya 132, inampa Rais mamlaka ya kutoa heshima kwa jina la wananchi na la Jamhuri. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu heshima za kitaifa inaweka utaratibu, pamoja na kamati ya kumshauri. Juu kabisa ni nishani ya Moyo wa Dhahabu wa Kenya, yenye daraja tatu: Chifu (CGH), Mzee (EGH) na Morani (MGH). Chini yake ni Mkuki wa Moto, nao una daraja tatu kwa majina yayo hayo: CBS, EBS na MBS. Kisha inakuja OGW (Order of the Grand Warrior). Zipo nishani za utumishi na za ushujaa, na chini kabisa zipo Pongezi za Mkuu wa Nchi, HSC, zenye tawi la kijeshi na tawi la kiraia.

Kwenye karatasi, sheria inazungumzia matendo: ushujaa, kujitolea, mchango katika uchumi, elimu, michezo na mengineyo, kwa nchi au kwa kaunti. Neno hilo "kaunti" lina maana kubwa kwetu, kwa sababu mtu halazimiki kuwa maarufu nchi nzima. Lakini mazoea yamejenga ngazi nyingine juu ya hiyo. Waziri huonekana na EGH, katibu mkuu na CBS, na herufi hizo zinafuata jina lake kwenye kila barua na kila bango. Cheo kinavuta nishani. Fundi naye, akikumbukwa, huelekezwa kwenye HSC, kana kwamba kazi ya miaka hamsini ni jambo la kupongezwa kwa kupigwa bega.

Wanaotetea mazoea haya hawasemi upuuzi. Mwenye wadhifa mkubwa anawakilisha nchi mbele ya wageni ambao nao wamevaa nishani zao. Akisimama kifua kitupu, itifaki inachechemea. Tena kazi ya ofisi kuu ni mzigo, na anayeibeba vizuri anastahili shukrani. Tatizo ni kwamba nishani mara nyingi hutangulia kazi: mtu anateuliwa, na muda si muda herufi zimeshafika. Hapo kinachoshukuriwa ni uteuzi.

Eliud Kipchoge alikimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Siku nane baadaye, Siku ya Mashujaa, alivishwa EGH papa hapa Pwani, kwenye bustani ya Mama Ngina, Mombasa. Hakuna aliyelalamika, na haki yake. Lakini Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipigania Uhuru Park mwaka 1989 na msitu wa Karura mwaka 1999, akapigwa na kutukanwa. EBS yake ilikuja 2003, serikali ikiwa imebadilika na yeye mwenyewe akiwa bungeni. EGH ilikuja 2004, mwaka alioshinda tuzo ya Nobel. Mafanikio yaliyoonekana na dunia nzima kwenye runinga yalipata nishani kwa siku nane. Ukaidi dhidi ya serikali ulingoja miaka kumi na minne na serikali mpya.

Hapo ndipo hoja ya wanaokataa inapopata uzito. Tarehe 26 Juni 2019, mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Kwasasi, katika kesi iliyofunguliwa na Save Lamu, jumuiya ya wenyeji. Waliosimamia kesi ile waliitendea kaunti hii jambo ambalo sheria ya 2013 ingeliita mchango wa kupigiwa mfano. Je, serikali iliyoutaka mradi itawavisha nishani? Na ikiwavisha, watakuwa huru kiasi gani mradi mwingine ukija? Mzee anayeogopa kufungwa mdomo kwa utepe hana wasiwasi wa bure. Kuna pia hofu ya riya, yaani kutenda ili kuonekana na watu, na katika mji wa wanazuoni hayo si maneno ya kuremba: wapo watakaokataa kuandikiwa, na lazima wasikizwe.

Ila hoja ya "heshima yetu ya hapa yatosha" ina tundu. Heshima ya hapa nayo ilikuwa na ngazi yake. Siwa, lile baragumu la sherehe, ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya Pate hazikupulizwa kwa kila mtu. Zilikuwa za nyumba kubwa, na aliyetoboa mbao za jahazi au kuchonga mlango hakupulizwa siwa kwa ustadi wake. Nasaba ilifanya Lamu kile ambacho cheo kinafanya Nairobi. Walau sheria ya 2013 haimuulizi mtu babu yake ni nani.

Wengine hutaja India, ambako nishani ya juu kabisa ya kiraia, Bharat Ratna, iliyoanzishwa 1954, haina daraja. Bismillah Khan, mpigaji wa shehnai, zumari ya kule, aliipata 2001, ileile aliyopewa waziri mkuu. Mahakama ya juu ya India iliamua 1995 kuwa haiwi jina la cheo, hivyo mwenye nayo haruhusiwi kuitanguliza wala kuifuatisha kwenye jina lake. Kwetu, herufi zile ndizo zinazotafutwa. Ni somo zuri, lakini si dawa kamili: Nehru aliipokea 1955 na Indira Gandhi 1971, wote wakiwa mawaziri wakuu, na kawaida ya kutozidi watu watatu kwa mwaka ilivunjwa 2024 walipopewa watano. Kufuta daraja kunapunguza uroho wa herufi. Hakumzuii mwenye madaraka kujikumbuka kwanza.

Msimamo wa makala haya ni kwamba majina yapelekwe, kwa masharti mawili: mwenyewe awe ameridhia, na faili liombe daraja linalolingana na kazi. Asiyeomba daraja anaachia wengine wampangie, na wao wameshazoea kumpangia HSC. Ombi la OGW au MBS kwa fundi mkuu halina kiburi chochote ikiwa ushahidi upo.

Ushahidi ndio unaoangusha mafaili mengi ya Pwani. La kwanza ni jina. Mtu anajulikana mtaani kwa lakabu, kitambulisho kina majina matatu, cheti cha madrasa kimeandika Saleh na cha serikali Swaleh. Fuata kitambulisho herufi kwa herufi, kisha taja lakabu mara moja tu, ili anayekagua ajue picha na barua zote ni za mtu mmoja.

La pili ni barua za sifa. "Mcha Mungu, mpole, mpenda watu" haipimiki, na kila jirani anaweza kuandikiwa hivyo. Kwa fundi wa vyombo, andika ameunda vyombo gani, vya urefu gani, mwaka gani, kwa nani, na vipi bado viko majini. Taja mbao alizotumia, mbambakofi au mvule, na kama bado anakalafati, yaani anaziba mianya ya mbao, kwa pamba na sifa (mafuta ya papa) au ameingia kwenye rangi za kiwandani. Hilo linamwonyesha mkaguzi wa Nairobi kwamba ustadi huu una watu wachache walioubeba. Muhimu kuliko yote, orodhesha wanafunzi wake na walipo leo. Fundi aliyeunda majahazi mengi bila kufunza ametoa chombo. Aliyefunza ametoa kazi inayoendelea, na hiyo ni rahisi zaidi kuionyesha kuwa mchango kwa kaunti.

Kwa mshairi kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa tungo husambaa bila jina. Tafuta miswada, kanda za zamani, na mahali tungo zinaposomwa hadi sasa. Ahmed Sheikh Nabhany, mwana wa Matondoni aliyefariki 2017, ni kielelezo cha ushahidi unaobebeka: neno "runinga" alilolibuni liko vinywani mwa watangazaji. Mchango wa namna hiyo hauhitaji barua ya mbunge. Na kwa hakika, barua za wanasiasa zipunguzwe. Moja inaweza kusaidia. Tano zinalifanya faili linuke kampeni.

Tatu, watu huchanganya milango. Mashujaa wana sheria yao ya 2014 na baraza lao, na siku yao ni Oktoba 20. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913 na 1914 na ambaye sanamu yake iko Malindi, anaingia upande huo. Nishani hufuata sheria ya 2013 na kwa kawaida hutolewa Siku ya Jamhuri. Mchanganyiko unaeleweka, maana Kipchoge alivishwa Siku ya Mashujaa, na Raila Odinga alipewa CGH siku hiyo hiyo mwaka 2025, siku tano baada ya kufariki. Lakini faili la nishani ya fundi likipelekwa kwenye mlango wa mashujaa litakuwa limekosea njia.

Faili liwe tayari kabla ya tangazo la kupendekeza majina, kwa kuwa kukusanya tarehe za vyombo vya miaka ya sabini kunachukua miezi, na wanaozikumbuka ni wazee. Litolewe nakala tatu: moja ya ofisi ya utawala ya kaunti, moja ya mwenyewe na jamaa zake, na moja iombewe nafasi katika jumba la makumbusho la Lamu. Orodha ya vyombo na wanafunzi ina faida yake hata nishani isipokuja, na mtafiti au kijana anayetaka kujifunza uundaji atakuwa na mahali pa kuanzia. Tarehe ya kila nakala ilipopokelewa iandikwe juu yake na aliyeipokea atie sahihi.