Kanisa la Mabati la Cardiff na Matundu ya Misumari

Ukingoni mwa ghuba ya Cardiff, mji mkuu wa Wales, limesimama kanisa dogo la mbao nyeupe lenye mnara mwembamba, ambalo wageni wengi hulipiga picha wakidhani kwamba lilijengwa papo hapo. Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1868 katika sehemu nyingine ya bandari hiyo, likafumuliwa mwaka 1987, kisha likasimamishwa upya lilipo sasa na kufunguliwa mwaka 1992. Siku niliyolitembelea niliagiza kahawa, kwa kuwa siku hizi ni mgahawa na ukumbi wa sanaa, nikakaa nje kusubiri maji yapwe, kama afanyavyo mtu yeyote aliyekulia Tanga anapokaa mbele ya bahari. Maji hayakusogea hata shubiri. Baada ya muda mrefu mhudumu alinieleza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa swali hilo mara nyingi, kwamba mlango wa ghuba ulizibwa kwa ukuta mkubwa mwaka 1999, na kwamba nilichokuwa nikikitazama ni ziwa la maji baridi. Yaani kanisa lilihamishwa kwanza, na bahari nayo ikafuata.

Wanorwei walifika Cardiff kwa sababu ya makaa ya mawe. Meli zao zilileta magogo ya kutegemeza paa za migodi ya kusini mwa Wales, na zilirudi zikiwa zimesheheni makaa, katika zama ambazo meli za biashara za Norwei zilikuwa za tatu kwa wingi duniani. Umisheni wa mabaharia wa nchi hiyo uliwajengea kanisa katikati ya magati mawili, la mashariki na la magharibi, juu ya kiwanja kilichotolewa na Markizi wa Bute, kabaila aliyekuwa mwenye bandari. Ndani mlikuwa na chumba cha kusomea chenye magazeti ya nyumbani, na humo baharia aliweza kuonana na watu wa lugha yake na kuandikia familia barua. Tukitumia neno letu, kwa wengi wao lilikuwa baraza kwanza na madhabahu baadaye. Hawakuja mabaharia peke yao, kwani wapo Wanorwei waliofungua ofisi za uwakala wa meli, wakaoa, wakazaa na kubatiza watoto wao humo.

Jambo lililonivutia zaidi katika historia hiyo ni mabati. Kabla ya mbao nyeupe za leo, kanisa lile liliezekwa na kuzungushiwa mabati ili siku moja, ikibidi, liweze kufumuliwa na kupelekwa kwingine. Waliolijenga walijua kwamba wamekaribishwa tu katika ardhi ya mtu, na kwamba bandari haina adabu ya kumwacha mgeni alipo pindi gati jipya linapohitajika. Ujenzi wa namna hiyo hauhitaji kuelezwa kwa msomaji wa Tanzania. Babu yangu alipohamia kijiji kipya katika miaka ya 1970, hakubeba nyumba ya udongo, bali aliezua mabati, akang'oa mlango pamoja na fremu yake, akavipakia kwenye trela la trekta na kwenda kuanza upya. Nyumba ya pili ilikuwa na kuta mpya kabisa, lakini hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kusema kwamba ile haikuwa nyumba ya babu.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema, bila kubagua, kwamba jengo la kihistoria likiondolewa mahali pake limekwisha kufa. Hoja hiyo ina nguvu kwa msikiti wa mawe wa Kilwa au kwa ngome iliyojengwa pale ili kulinda lango lile la bahari na si jingine. Kwa kanisa la watu wa safari haina nguvu hata kidogo, kwa sababu kuhama kulikuwa kumeandikwa katika mifupa yake tangu siku ya kwanza. Shughuli za bandari zilipofifia baada ya Vita Kuu ya Pili, waumini walipungua, na mwaka 1974 kanisa lilifungwa na kuachwa likiharibiwa na mvua pamoja na wahuni. Kuliacha pale kwa jina la heshima ya mahali kungekuwa sawa na kulizika.

Aliyeongoza mfuko wa wadhamini ulioundwa ili kuliokoa alikuwa Roald Dahl, mwandishi mashuhuri wa hadithi za watoto, aliyezaliwa Cardiff mwaka 1916 kwa wazazi Wanorwei na kubatizwa katika kanisa hilohilo. Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kumkumbuka, kwani mwaka 1938 alitumwa na kampuni ya Shell kufanya kazi Dar es Salaam, ambako alijifunza Kiswahili, na vita vilipoanza alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Alifariki mwaka 1990, miaka miwili kabla ya milango kufunguliwa upya.

Hapa ndipo furaha yangu inapoingia doa. Kanisa la Wanorwei lilikuwa na mtetezi mwenye jina, na watu wa Norwei wenyewe walilichangia. Majirani zake hawakubahatika hivyo. Mtaa wa Butetown, unaopakana na magati, ulikuwa makazi ya mabaharia kutoka Somalia, Yemen, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi, nao walijenga vya kwao. Msikiti wa Peel Street ulibomolewa na bomu mwaka 1941 na kujengwa tena wakati dunia ikiwa bado katika dhiki ya vita, lakini leo haupo. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa ya nyumba za mtaa huo zilibomolewa kwa maelezo kwamba ni makazi duni, na maghorofa yakasimama mahali pake. Sijui mtu aliyepita nyumba kwa nyumba akiandika namba kwenye mbao ili zije kuunganishwa tena kwingine.

Wala Cardiff si mahali pa kwanza kufanya hivyo. Huko Most, katika iliyokuwa Chekoslovakia, mwaka 1975 kanisa kubwa la mawe lilitiwa juu ya reli na kusogezwa mita 841 likiwa zima, kazi ya uhandisi inayostahili kila sifa iliyopewa, ilhali mji wa kale uliolizunguka ulibomolewa wote ili makaa yaliyo chini yake yachimbwe. Picha za kanisa likitembea ni tamu kuzitazama. Za mji hazitazamwi sana.

Simaanishi kwamba kanisa la Cardiff lingeachwa lioze ili kuwe na usawa wa hasara. Ninachodai ni kwamba jengo lililohamishwa lisiruhusiwe kujifanya halikuhama. Bwawa la kuingilia gati la magharibi limefukiwa na sasa ni uwanja mpana uitwao Roald Dahl Plass, jina lenye neno la Kinorwei ndani yake, na mtu anaweza kuuvuka, akanywa kahawa kanisani na kurudi hotelini bila kuwaza kwamba Msomali na Myemeni walipakua mizigo hatua chache tu kutoka pale. Ningetaka ndani ya ukumbi ule ichorwe ramani ya bandari ya zamani, kanisa likionyeshwa lilipokuwa, na Peel Street pia, kila kimoja na mwaka kilipoondolewa.

Mabati ya babu yalikuwa na matundu ya misumari ya nyumba ya kwanza, ambayo hayakulingana na mapau ya nyumba ya pili. Aliyaziba kwa lami, moja moja, akiwa juu ya ngazi, na kila masika mawili matatu yalifumuka na kuvuja juu ya kitanda chetu. Tulipolalamika, alituonyesha kwa kidole tundu lipi lilikuwa juu ya jiko la nyumba ya zamani na lipi lilikuwa juu ya mlango. Kabla ya kuondoka Cardiff nilizunguka kanisa lile lote nikiangalia mbao zake kwa karibu, nikitafuta alama kama zile, lakini rangi nyeupe ilikuwa imepakwa vizuri sana.