Chumba cha sinema nyumbani: zuia sauti kabla hujapaua

Siku hizi hapa Mwanza ukipita Buswelu, Kiseke au Buhongwa utakuta vijana wanaojenga wametenga chumba kimoja cha sinema. Projekta, spika tano, sabufa kubwa pembeni. Halafu linakuja swali: kuzuia sauti isitoke kuna faida, au ni kutupa hela?

Msimamo wangu ni kwamba kuna faida, tena kubwa, kama kazi inafanyika wakati ukuta unapanda. Nyumba ikishapauliwa na dari kupigwa, kila hatua inakuwa ya kubomoa na kurudia, na hapo kwa watu wengi sioni kama inalipa.

Mashauri mengi tunayoyaona kwenye video mtandaoni yanatoka Marekani, na huko nyumba nyingi zina kuta za fremu za mbao zilizofunikwa jipsamu pande mbili. Ukuta wa namna hiyo ni mwepesi, kwa hiyo wanahangaika kuuongezea jipsamu ya pili na ya tatu. Sisi tunajenga kwa tofali za saruji. Ukuta wa inchi sita uliopigwa plasta pande zote mbili tayari unapunguza sauti kwa karibu desibeli 45 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), pengine zaidi. Plasta yenyewe ina kazi kubwa hapo, maana tofali tupu lina vitundu vinavyopitisha sauti. Ukilaza tofali badala ya kusimamisha, ukuta unafika inchi tisa na unaongeza desibeli tatu nne tu, kwa sababu hata ukiuzidisha uzito wa ukuta mara mbili unapata kama desibeli 6. Hela ya tofali za kulaza ningeipeleka kwingine.

Ningeipeleka juu. Katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani huishia kwenye lenta au kozi mbili tatu juu yake. Kutoka hapo ni kenchi na uwazi mmoja unaounganisha vyumba vyote chini ya bati. Mlio wa sinema unapenya dari ya jipsamu, unatembea kwenye uwazi ule, unashuka chumba cha watoto. Hata ukuta wa kati ungekuwa wa jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, usingebadilisha kitu. Mwambie fundi apandishe kuta za chumba kile mpaka zikutane na bati, kisha azibe mianya ya mabonde ya bati. Ni kozi chache za tofali na mifuko michache ya saruji. Mkishapaua, kazi hiyohiyo inamlazimu fundi kutambaa juu ya dari na tofali mkononi.

Mlango nao. Upenyo wa sentimita 1 chini ya mlango wa kawaida unatosha kuushusha ukuta wa desibeli 45 ufanye kazi kama wa desibeli 30. Ni wavu wa dagaa uliochanika. Weka mlango mzito wa mbao ngumu, usio na uwazi ndani, wenye mpira kwenye fremu na kizingiti chini. Dirisha la aluminiamu la kusukuma haliwezi kubana kabisa, kwa hiyo chumba hiki kiwe na dirisha la kufungua lenye mpira, au kisiwe nalo. Na matundu ya hewa yale ya juu ya dirisha yasahau kabisa hapa.

Sponji za ukutani, trei za mayai na mapazia mazito hupunguza mwangwi, na maneno ya waigizaji yanasikika vizuri zaidi. Ninazipenda kwa kazi hiyo. Jirani yako hazimpunguzii kitu, na inaniuma mtu anapouziwa kwa ahadi hiyo.

Sasa besi. Mlio wa mitetemo 40 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 8. Unaisukuma dari na bati vikatetemeka pamoja nao, na hakuna pazia linaloujua. Kwa Mwanza jambo hili ni zito kuliko kwingine kwa sababu tunaishi vilimani. Isamilo, Igogo, Mabatini, jirani hayuko pembeni tu. Sakafu yake iko usawa wa bati lako, na bati ndilo sehemu nyepesi kuliko zote za nyumba. Usiku mji ukitulia, mama mwenye mtoto mchanga pale juu anaipokea sabufa yako yote. Binafsi naona haki yake ya kulala inatangulia raha yangu ya sinema, hata kama nyumba ni yangu na kiwanja nina hati yake.

Bati linarudisha deni pia. Mvua za ziwani zikianza, mara nyingi alfajiri au usiku, hakuna spika itakayoshindana nazo. Ukiweka pamba ya kioo ikagusa bati kwa chini kabla ya dari, mlio wa matone unapungua sana, na joto la mchana vilevile. Katika nyumba yoyote ya bati hii ndiyo gharama ambayo ningeitoa hata bila sinema.

Chumba kilichozibwa kinataka hewa. Mtu mmoja aliyekaa hutoa joto la kama wati 100. Weka watu sita, projekta na amplifaya, feni pekee haitoshi. Panga kiyoyozi na njia ya hewa yenye kona kona tangu kwenye ramani.

Kwa mpangaji au mwenye nyumba iliyokwisha, mimi nasema achana na kuta. Ziba mlango, washa mpangilio wa usiku kwenye amplifaya unaobana milipuko na kuinua maongezi, kisha shusha desibeli 10, ambazo sikio huzisikia kama nusu ya ukelele. Sabufa izime saa nne usiku. Ukiikosa sana, kuna vitetemeshi vidogo vinavyofungwa chini ya sofa. Unaihisi besi mgongoni na nje haisikiki.