Karani apeleke faili mwenyewe, au akutume dirisha la tatu?

Ukifika ofisini na karatasi zako, karani ana njia mbili. Ama anachukua faili analipitisha mlango wa nyuma kwa mwenzake, wewe umesimama pale pale; ama anakwambia, "Nenda dirisha la tatu," ukaanze foleni upya. Mwandishi wa programu za wavuti kwa Java huchagua hivyo kila siku: forward ya RequestDispatcher (ombi linapitishwa ndani ya seva), au sendRedirect (kivinjari kinaambiwa kiende anwani nyingine).

Wanaopenda forward hawajakosea. Kazi inaishia ndani ya seva, kivinjari hakina habari. Ombi ni lile lile, kwa hiyo ulichokibandika kwenye ombi kwa setAttribute kinasomeka kwenye JSP (faili ya ukurasa unaotengenezwa na seva) bila kupitia sesheni, yaani kumbukumbu ambayo seva humwekea kila mtumiaji. Hata JSP zilizofichwa ndani ya folda ya WEB-INF, ambazo mtu hawezi kuzifungua kwa kuandika anwani, forward inazifikia. sendRedirect, kwa kawaida, hurudisha jibu la 302 lenye anwani mpya, na kivinjari kinaanza safari ya pili. Mwenye intaneti ya kusuasua anaihisi safari hiyo.

Sasa njoo kwenye pesa. Niliwahi kuitwa kuangalia mfumo wa ada uliokuwa ukimpa mzazi mmoja risiti mbili: kiasi kile kile, namba zinazofuatana. Servleti, yaani msimbo wa Java unaopokea maombi ya kivinjari, iliandika malipo kwenye hifadhidata, kisha ikafanya forward kwenda risiti.jsp. Risiti ilionekana, lakini anwani juu ilibaki /lipa, na ombi la mwisho ambalo kivinjari kinalikumbuka ni ile POST, ombi lililotuma fomu ya malipo. Mzazi akapakia upya. Kivinjari kikamuuliza kama atume fomu tena, akakubali (nani husoma yale maandishi?), na malipo yakaandikwa mara ya pili. Dawa ilikuwa mstari mmoja: ukishaandika, fanya sendRedirect kwenda /risiti. Hapo hata akipakia upya mara kumi, anasoma tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kuonyesha, forward; kubadilisha data, sendRedirect; na hiyo safari ya ziada tuilipe. JSF, mfumo wa Java wa kutengeneza kurasa za wavuti, yenyewe hufanya forward usipoiambia vinginevyo, ndiyo maana anwani hubaki nyuma kwa ukurasa mmoja hadi uongeze faces-redirect=true. Sipendi chaguo hilo, ingawa naelewa lilikotoka.

Gharama nyingine zipo. Ujumbe wa "Malipo yamepokelewa" ulioubandika kwenye ombi unakufa na ombi hilo ukifanya sendRedirect. JSF 2.0 ya mwaka 2009 ilileta Flash ya kuuvusha hadi ombi linalofuata, na Spring 3.1 ya 2011, mfumo mwingine wa Java, ikaleta RedirectAttributes kwa kazi hiyo hiyo. Tena sendRedirect haisimamishi metodi: ukisahau return, mistari ya chini inaendelea kutekelezwa. Wala haimzuii mtu anayebonyeza kitufe mara mbili kabla jibu halijarudi. Huyo anazuiwa na tokeni ya fomu (alama inayokubaliwa mara moja tu) au namba ya muamala isiyoruhusiwa kujirudia kwenye hifadhidata.

Na kuna lile tulilogundua wiki iliyofuata. Anwani mpya ilikuwa /risiti?id= ikifuatiwa na namba. Mzazi mmoja akaongeza moja kwenye namba yake, akasoma risiti ya jirani. Forward ilikuwa imelificha shimo hilo muda wote. Hatukuwa tumewahi kuandika msimbo wa kuuliza risiti ni ya nani.