Miezi Miwili Tu, Jamani!

Hivi mtu akitaka kupanga miezi miwili tu hapa Dar, ametenda dhambi gani? Sitaki jumba. Nataka chumba na sebule, choo ndani, mahali ambapo nikitoka kwa miguu nakuta genge, duka la dawa na kituo cha daladala. Sinza, Kijitonyama, hata Mwenge. Basi!

Dalali anaanza: "Kaka, ipo kali, dakika tano tu kutoka lami." Dakika tano za nani? Za helikopta? Tunavuka mfereji, tunapita gereji, tunasalimiana na mbuzi, yeye bado "hapo mbele tu." Na hela ya kuonyeshwa nimeshatoa, ambayo hairudi hata nyumba ikikosa dirisha.

Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita, kwa mkupuo. Mzee wangu, nakaa miwili! "Ndo utaratibu." Juu yake dalali anadai mwezi wake mzima. Yaani nilipe saba nikae miwili? Iliyobaki alale nani, popo? (Luku yenyewe ni ya kuchangia, na jirani anauza barafu.)

Ukikimbilia zile zenye samani, za kulipia kwa siku, unatajiwa dola. Dola! Sinza! Wakati kanuni za 2025 zimeshakataza bei za humu ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.

Nyie mliowahi kupata, mlipitia mlango gani? Na asitokee mtu wa kuniambia nihamie Kibaha.