Kabla hujamsainia daktari tarajali, muulize na nesi wa usiku

Mimi ni nesi hapa Dar, na hili jambo nimelibeba moyoni muda mrefu sasa acha niliseme. Daktari tarajali, yani kijana aliyemaliza chuo na yuko kwenye mafunzo ya kazi, akimaliza rotesheni yake, yani zamu yake kwenye idara moja, iwe upasuaji, iwe watoto, iwe wazazi, anayemsainia ni bingwa wake, basi. Sina ugomvi na mabingwa, wao ndo wanaojua kama kijana kaelewa ugonjwa, kama dozi iko sawa, kama mkono umetulia kwenye kushona. Ila bingwa anamuona asubuhi kwenye raundi, koti limepigwa pasi, anaripoti mgonjwa kwa Kiingereza kilichonyooka. Huyo huyo saa tisa usiku tunaye sisi.

Mama katoka operesheni jana, presha inashuka, 80 kwa 50, shuka inaanza kulowa damu, unampigia tarajali. Mmoja anakuja mbio, anapima upya mwenyewe, anashika tumbo, anakwambia sista hii inanizidi tumwite mkubwa sasa hivi. Mwingine anasema ongeza dripu nakuja, halafu haji, unapiga tena, unapiga tena. Asubuhi wote wawili wanaongea vizuri tu mbele ya bingwa, na karatasi zao za tathmini zinafanana! Hapo ndo naumia jamani.

Uingereza tangu 2005 madaktari wanaoanza kazi wanapimwa pia kwa maoni ya watu wanaofanya nao kazi. Moja ya fomu zao inaitwa TAB (Team Assessment of Behaviour, yani timu inapima mwenendo wa mtu), haigusi kabisa habari za magonjwa, inauliza mambo manne tu, anavyokaa na wagonjwa, anavyoongea, anavyofanya kazi na timu, na kama anapatikana akihitajika. Hilo la nne ndo kilio chetu cha usiku. Wanaojaza ni kama watu 10, na manesi wazoefu lazima wawemo, hawezi kupeleka kwa washkaji zake tu. Msimamizi anayakusanya, anakaa na kijana wanaongea, na kijana haambiwi nani kaandika nini.

Kuna watakaosema manesi tutatumia hiyo fomu kukomoana. Hofu hiyo naielewa, majungu wodini yapo. Ndo maana haiwi mtu mmoja. Utafiti wa Marekani wa 1993 uliona daktari akipimwa na madaktari wenzake, majibu ya watu 11 yanatosha kupata picha ya kuaminika, sasa nesi mmoja akiwa na kinyongo halafu wengine wote wanasema kijana ni msikivu, kinyongo kitaonekana chenyewe. Na fomu isisubiri siku ya mwisho keshafunga begi, itoke katikati ya rotesheni akiwa bado ana wiki za kujirekebisha.

Wahudumu msiwasahau. Mama anayesafisha wodi ndo anajua nani anaacha sindano juu ya kitanda badala ya kuitupa kwenye sefti boksi, maana ikimchoma ni yeye, na sijawahi kusikia mtu amemuuliza.

Kwa wagonjwa ndo pagumu kidogo. Mgonjwa yuko kitandani anamtegemea huyo huyo daktari, ukimuuliza atakwambia mzuri tu, Mungu ambariki. Kwa hiyo aulizwe siku anaruhusiwa, na mtu asiye wa wodi ile, tena kwa mdomo, bibi wa Mbagala aliyesahau miwani nyumbani usimpe viboksi vya kutiki. Muulize, alikwambia jina lake? Alikueleza kwa nini anakutoa damu? Alikuamkia?

Intanship, yani huo utarajali, ni mwaka mmoja tu, na baada ya hapo kijana anaweza kupangiwa hospitali ya wilaya ambako usiku daktari ni yeye peke yake. Baraza la Madaktari Tanganyika ndo linalotoa usajili kamili, naliomba tathmini ya wodi nzima iwe sharti kwa kila rotesheni, ijazwe na manesi wa mchana na wa usiku, wahudumu, maabara na tarajali wenzake, na iende kwa msimamizi kwenye bahasha iliyofungwa bila kupita mikononi mwa anayepimwa.